Zamu ya Ngazi: Uchambuzi wa Kisa cha Baharia wa Kisumu na Mzamiaji wa Stooni

Barua ilikuwa ya kurasa mbili na viambatisho vitatu. Mpwa wangu aliiweka mezani nyumbani kwa dada yangu, mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu, jioni ya Jumapili, kando ya sahani ya mbuta ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa. "Mjomba, nisomee wewe," aliniambia. Yeye alikuwa ameisoma mara nyingi hadi mikunjo ya karatasi ilianza kuchanika. Alitaka mtu mwingine aisome, amwambie kama kweli inasema anachodhani inasema.

Ilikuwa inasema hivyo hivyo. Kampuni yenye meli aliyokuwa akifanyia kazi ilimwachisha kwa "uzembe mkubwa katika majukumu ya ulinzi". Kwamba usiku fulani, meli ikiwa gatini katika bandari moja ya Afrika Magharibi, yeye akiwa zamu ya kulinda ngazi ya kupandia meli, alimruhusu mtu asiyejulikana kupanda. Kwamba mtu huyo alipatikana siku ya pili baharini, amejificha katika stoo ya omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, nyuma ya makopo ya rangi. Kijana wetu akateremshwa bandari iliyofuata, kusini mwa Afrika, akapandishwa ndege hadi Nairobi. Nauli ya dola 870 ikakatwa kwenye mshahara wake, na malipo ya siku 19 za mwisho yakazuiliwa. Alikuwa katika mwezi wa nne wa mkataba wa miezi tisa.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Kisumu. Kesi ninazozoea ni za mashamba, mirathi na vibarua wa miwa waliodhulumiwa ujira. Baba yetu alikuwa baharia wa meli za reli hapa ziwani, enzi MV Victoria ikizunguka Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell, kwa hiyo maneno ya melini hayakuwa mageni nyumbani. Sheria zenyewe ilinibidi nizisome moja baada ya nyingine. Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya mpwa wangu, bila jina lake, la meli wala la kampuni, kwa sababu niliona jinsi mtu wa chini kabisa melini anavyoweza kubebeshwa kosa ambalo sheria yenyewe imeligawa kwa watu wengi.

Kabla ya kisa, neno moja. Kiswahili chetu hutumia "usalama" kwa mambo mawili ambayo sheria ya bahari huyatenga kabisa. Kuna usalama wa ajali: moto, dhoruba, meli kupasuka. Na kuna usalama dhidi ya mtu mwenye nia mbaya au asiye na ruhusa: mwizi, gaidi, haramia, au mzamiaji, yaani anayejificha melini ili asafiri bila ruhusa. Katika maandishi haya la kwanza nitaliita usalama na la pili nitaliita ulinzi. Tofauti hiyo si ya maneno tu. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, katika sura ya XI-2, kanuni ya 8, unasema mambo hayo mawili yakigongana, nahodha atatanguliza usalama wa meli, na anaweza kuweka hatua za muda za kulinda. Tutalihitaji hilo mbele kidogo.

Kanuni za ulinzi wa meli na bandari zinazohusika hapa zinafahamika duniani kwa herufi ISPS. Zilipitishwa London Desemba 2002, mwaka mmoja na ushee baada ya mashambulizi ya Septemba 11 kule Marekani, zikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Zinazibana meli za abiria na meli za mizigo za kuanzia tani 500 za ujazo zinazosafiri kimataifa, pamoja na bandari zinazozihudumia. Mashua zetu za omena hazimo: SOLAS inaacha nje vyombo vya uvuvi, na hata meli za mbao za ujenzi wa kiasili. Ziwa letu lina sheria yake ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Sheria ya Uchukuzi wa Ziwa Victoria ya 2007. Nasema hili kwa sababu wazee wawili pale Dunga waliniuliza kama kijana angeshtakiwa Kisumu kwa sheria za ziwa. Hapana. Meli yake ilikuwa ya mizigo ya kumwaga, yenye urefu wa karibu mita 180 na ngama tano, yaani matumbo ya kuwekea mizigo, na ilipeperusha bendera ya nchi ya kigeni. Iliyotawala ni sheria ya nchi ya bendera, pamoja na mikataba ambayo nchi hiyo imeikubali.

Usiku wenyewe

Nilimketisha tukaandika saa baada ya saa. Melini saa huandikwa kwa mtindo wa 24, nami nitaziacha hivyo.

Siku iliyotangulia alishika ngazi kuanzia 00:00 hadi 06:00. Akalala. Akarudi 12:00 hadi 18:00. Mwenzake wa kumpokea alipelekwa kufagia ngama, kwa hiyo yeye akaendelea kubaki ngazini hadi 21:40. Akala, akajinyoosha, na saa 00:00 akawa tena ngazini kwa zamu ya usiku, peke yake.

Kwenye daftari la wageni usiku huo kulikuwa na watu kumi na mmoja. Kumi waliandikwa kuingia na kutoka. Wa kumi na moja, mwanamume aliyevaa fulana ya kung'aa na kofia ngumu, alionyesha kitambulisho cha karani wa kuhesabu mizigo, akaandikwa kuingia 01:50. Safu ya kutoka ilibaki tupu.

Saa 02:20 serahangi, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, alimwita kwa redio aende tezi, nyuma ya meli, akasaidie kulegeza kamba za kufungia meli, kwa kuwa maji yalikuwa yanabadilika na kamba zilikuwa zimekaza mno. Alikaa huko kama dakika ishirini. Ngazi ilibaki bila mtu. Hakuona karani akishuka. Saa 06:00 alipokewa, akaenda kulala. Upekuzi wa kabla ya kuondoka ulifanywa kati ya 06:10 na 06:40, karatasi yake ikatiwa saini na afisa mkuu, na meli ikang'oa nanga 07:30.

Siku ya pili baharini fundi rangi alifungua stoo ya omo, akamkuta kijana amejikunyata.

Swali la kwanza nililomuuliza mpwa wangu ni hili: yule wa stooni ndiye yule karani? Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza jambo ambalo kila mtu analijua. "Si yeye, mjomba. Karani alikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Huyu alikuwa mdogo hata kuliko mimi. Nilimpelekea chai." Je, kuna aliyemuuliza hilo melini? Hakuna. Nahodha alimwonyesha safu tupu kwenye daftari, akamwambia atie saini kwamba safu ni tupu. Akatia. Safu ilikuwa tupu kweli.

Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba kuna kisa cha kupigania. Daftari lilithibitisha kosa la uandishi. Halikuthibitisha kwamba mzamiaji alipitia ngazini. Na wazamiaji wana njia nyingi. Novemba 2022 watu watatu walikutwa wameketi juu ya usukani wa meli ya mafuta Alithini II, nje kabisa ya meli, ilipofika Las Palmas baada ya siku 11 kutoka Lagos. Hao hawakupanda ngazi ya mtu yeyote. Wengine hupanda kwa kamba za kufungia meli, wengine huingia pamoja na mahamali. Mtu anayetaka kusema "alipita kwako" lazima aonyeshe alivyopita.

Kiwango cha pili

Sasa nifike mahali ambapo barua ya kampuni ilijifunga yenyewe.

ISPS ina viwango vitatu vya ulinzi. Cha kwanza ni cha kila siku, kiwango cha chini ambacho lazima kiwepo wakati wote. Cha pili hutangazwa hatari inapoongezeka, kikakaa kwa muda. Cha tatu ni cha hatari iliyo mlangoni, tukio linapotarajiwa au linapokaribia kabisa. Serikali ndizo hupanga: nchi ya bendera kwa meli zake, nchi ya bandari kwa bandari zake. Meli haiwezi kukaa gatini kwa kiwango kilicho chini ya kile cha bandari.

Barua ilisema, kama jambo la kuongeza uzito wa kosa, kwamba usiku ule bandari na meli zote mbili zilikuwa kwenye kiwango cha pili, na kwa hiyo "umakini wa hali ya juu ulitarajiwa kutoka kwa mlinzi wa ngazi". Nilisoma sentensi hiyo mara tatu.

Kwani kiwango cha pili si agizo kwa mlinzi mmoja akodoe macho zaidi. Ni agizo kwa meli iongeze watu na hatua. Sehemu A ya ISPS, ambayo ni ya lazima, inataka hatua za ziada zilizoandikwa katika mpango wa ulinzi wa meli zitekelezwe. Sehemu B, ambayo ni mwongozo, inataja mifano yenyewe: watu wa ziada wa kuzunguka sitaha saa za usiku wa kimya, kupunguza njia za kuingilia, kuwazuia wanaokuja kwa upande wa maji, kuwasindikiza wageni melini, kuwapa mabaharia maelezo mapya ya ulinzi, na kupekua meli yote au sehemu yake. Sasa linganisha na usiku ule. Mtu mmoja ngazini. Hakuna doria sitahani. Karani aliyepaswa kusindikizwa aliachiwa aende mwenyewe, kwa kuwa aliyempokea hangeweza kuiacha ngazi ili amsindikize. Halafu huyo huyo akaamriwa aiache ngazi akavute kamba.

Na hapa ndipo kanuni ya 8 inaporudi. Serahangi alikuwa na haki ya kuhofia kamba. Kamba ya meli ikikatika inaweza kumuua mtu papo hapo, na meli ikisogea gatini hubomoa vitu. Usalama ulitangulia, na sheria iko upande wake. Lakini sheria haikuishia hapo: inampa nahodha, anapotanguliza usalama, nafasi ya kuweka hatua za muda za ulinzi, na inataka hatua hizo ziendane kadiri iwezekanavyo na kiwango kilichopo. Hatua ya muda ilikuwa nyepesi mno: kumwamsha mtu mmoja, au kuipandisha ngazi kwa hizo dakika ishirini. Jukumu hilo halikuwa la kijana aliyeitwa kwa redio. Lilikuwa la nahodha na la afisa wa ulinzi wa meli aliye chini yake, ambaye ISPS inataka kila meli iwe naye na ambaye kazi yake ni kuhakikisha mpango unatekelezwa kila siku.

Kama barua ingesema bandari ilikuwa kiwango cha kwanza, kesi yetu ingekuwa ngumu zaidi. Kwa kutaka kumkandamiza, walitupa hoja yetu kubwa.

Cheti ambacho hakikuwepo

Nilimwomba vyeti vyake vyote. Alivileta kwenye bahasha ya plastiki, vikiwa safi kama vya mtu anayetaka kazi kesho. Alikuwa na mafunzo ya msingi ya usalama, cheti cha afya, kitabu cha baharia, na cheti cha uelewa wa ulinzi.

Hicho cha mwisho hakitoshi. Mkataba wa STCW, unaoweka viwango vya mafunzo ya mabaharia, uliongezwa masharti ya ulinzi katika marekebisho ya Manila ya 2010, yaliyoanza kutumika Januari 2012. Kanuni ya VI/6 inatofautisha ngazi za mafunzo. Kila baharia wa meli inayobanwa na ISPS anahitaji cheti cha uelewa: kutambua hatari, kujua amwambie nani. Lakini baharia aliyepewa majukumu maalumu ya ulinzi anahitaji cheti cha juu yake, kinachomfundisha kukagua watu na vitambulisho, kupekua, kudhibiti mahali pa kuingilia na kusimamia maeneo yaliyozuiwa. Mlinzi wa ngazi kwenye kiwango cha pili yumo katika kundi hilo la pili, na barua yenyewe ilikiri hivyo iliposema "majukumu ya ulinzi aliyokabidhiwa".

Kijana hakuwa nacho. Wala hakudanganya kwamba anacho. Wakala wa ajira wa Mombasa alipokea nakala za vyeti vyake kabla ya kumpandisha meli, na Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ule wanaouita MLC, ambao Kenya iliuridhia 2014, unamtaka wakala ahakikishe baharia ana sifa na hati zinazohitajika kwa kazi anayopelekwa. Kampuni nayo ilivipokea. Halafu akawekwa ngazini tangu wiki ya kwanza.

Nilipoliona hili nilikasirika, nikiri. Mtu humpi jembe halafu ukamlaumu kwa shamba kutolimwa.

Saa ambazo daftari mbili zilipingana

Kiambatisho cha kwanza kilikuwa ukurasa wa daftari la wageni. Cha pili ni nakala ya kumbukumbu za saa za kupumzika, ambayo MLC inamtaka kila baharia apewe yake, ikiwa imethibitishwa na nahodha. Kampuni iliiweka ili kuonyesha kwamba kijana alikuwa amepumzika vya kutosha. Ilionyesha kazi 00:00 hadi 06:00 na 12:00 hadi 18:00. Saa kumi na mbili za kazi, kumi na mbili za kupumzika. Safi kisheria, kwani MLC inataka kupumzika kusipungue saa 10 katika kila saa 24, tena kusigawanywe katika zaidi ya vipande viwili, na kipande kimoja kiwe cha saa 6 au zaidi.

Lakini daftari la wageni la kampuni hiyo hiyo lilikuwa na saini ya mpwa wangu akimpokea mgeni saa 19:10, na nyingine saa 21:35. Kwenye kumbukumbu za kupumzika, saa hizo alikuwa amelala. Mtu hawezi kulala na kutia saini ngazini kwa wakati mmoja. Ukihesabu alichofanya kweli, alipumzika saa 6 asubuhi na saa 2 na dakika 20 usiku: jumla saa 8 na dakika 20, halafu akaanza zamu nyingine ya saa sita. Alipomwandika karani saa 01:50 alikuwa mtu ambaye sheria inasema hakupaswa kuwa kazini.

Sehemu B ya ISPS inaligusa hili moja kwa moja. Nchi ya bendera inapopanga idadi ya chini ya mabaharia wa meli, inashauriwa izingatie mzigo wa ziada unaoletwa na mpango wa ulinzi, na ihakikishe saa za kupumzika zinawezekana. Walioandika kanuni hizo walijua kwamba ulinzi huliwa na usingizi kwanza.

Mahali alipokosea

Sitaki kumpamba. Nilimwambia mbele ya mama yake, na akainamisha kichwa.

Alimruhusu karani kwa kuangalia kitambulisho juu juu, bila kumpigia afisa wa zamu kuthibitisha kwamba kuna karani anayetarajiwa. Aliporudi kutoka tezi na kukuta safu ya kutoka tupu, hakutoa taarifa kwa redio. Hili la pili ndilo zito. Cheti cha uelewa alichokuwa nacho kilimfundisha hilo hasa: ukiona kitu kisichokaa sawa, sema. Angesema, upekuzi wa asubuhi ungekuwa na sababu ya kwenda polepole. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, jibu lake lilikuwa kwamba aliogopa kuonekana hajui kazi. Ni kosa. Barua zetu za kuijibu kampuni zilikiri kosa hilo katika aya ya kwanza kabisa, kwa makusudi, ili yule aliyesoma ajue hatukuja kukana kila kitu.

Hata hivyo kuna umbali kati ya kosa na kile MLC inachokiita ukiukaji mkubwa wa wajibu. Na mzamiaji hakuwa na lango moja la kupita. Alivuka kwanza uzio wa bandari, ambao una mpango wake wa ulinzi na afisa wake. Akapanda meli, kwa njia isiyojulikana. Kisha akapita upekuzi wa kabla ya kuondoka. Mkataba wa kurahisisha usafiri wa baharini, FAL, unataka meli inayoondoka bandari yenye hatari ya wazamiaji ipekuliwe kikamilifu kwa mpango maalumu, kwa kuanza na mahali wanapoweza kujificha. Stoo ya omo ni mahali pa kwanza mtu yeyote angefikiria. Dakika thelathini kwa meli ya ngama tano, na saini ya afisa mkuu chini yake: hicho kilikuwa kiambatisho cha tatu, nacho walikileta wao.

Mpango usioonekana

Kikwazo kilichonisumbua zaidi ni hiki. Barua ilisema kijana amekiuka vifungu fulani vya mpango wa ulinzi wa meli. Tulipoomba tuvione, tukajibiwa kwamba mpango ni siri.

Na ni siri kweli. ISPS inataka mpango ulindwe usionekane na wasiohusika, na hata wakaguzi wa nchi ya bandari hawaruhusiwi kuusoma ovyo. Wakiwa na sababu dhahiri ya kuamini meli haifuati masharti, wanaweza kuonyeshwa sehemu zinazohusika tu, kwa idhini ya nchi ya bendera au nahodha. Sababu yake naielewa: mpango ukisambaa, mwizi anajua mahali pasipo na mlinzi. Lakini tazama linavyomwangukia mfanyakazi. Anashtakiwa kwa kitabu ambacho haruhusiwi kukifungua.

Baada ya siku kadhaa za kugonga ukuta huo niliacha kuuomba mpango. Niliuliza mambo ambayo si mpango. Ni nani alimpa maelezo ya kazi ya ngazi, na tarehe gani? Kuna saini yake kwamba aliyapokea? Zoezi la ulinzi lilifanyika lini mara ya mwisho? ISPS inataka kumbukumbu za mafunzo na mazoezi, na mwongozo wake unasema mazoezi yawe angalau kila miezi mitatu, na yafanyike ndani ya wiki moja pale zaidi ya robo ya mabaharia inapobadilishwa na watu wasioshiriki zoezi melini humo katika miezi mitatu iliyopita. Mpwa wangu alipanda pamoja na kundi la mabaharia wapya. Katika miezi minne hakumbuki zoezi hata moja la ulinzi. Ya moto na mashua za kuokolea yalifanyika. Nilimwambia wakala: kama mko na kumbukumbu, hatuhitaji kuziona, mpeni afisa wa nchi ya bendera azione yeye, atujibu ndiyo au hapana.

Nakala za barua yenye maswali hayo zilikwenda sehemu tatu: kwa wakala Mombasa, kwa mamlaka ya nchi ya bendera, na kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, ambayo ndiyo inayosimamia mabaharia wa Kenya na mawakala wanaowaajiri.

Fedha

Hapa sheria ilikuwa wazi kuliko kwingine. MLC, kiwango A2.5.1, inamkataza mwenye meli kumtoza baharia gharama za kurudishwa nyumbani, isipokuwa baharia amebainika, kwa utaratibu wa sheria za nchi au makubaliano ya pamoja yanayotumika, kuwa na ukiukaji mkubwa wa wajibu wake. Neno ni "amebainika". Barua ya upande mmoja, iliyoandikwa na mwenye kudai nauli, si utaratibu. Hakukuwa na kikao, hakuna shahidi aliyeitwa, na hakuna aliyemwambia kwamba ana haki ya kulalamika humo humo melini akiwa na mtu wa kumsindikiza, ingawa MLC inaitaka kila meli iwe na njia hiyo ya malalamiko. Notisi ya kuvunja mkataba, ambayo kwa MLC isingepaswa kuwa chini ya siku saba isipokuwa kwa sababu maalumu zinazotambuliwa na sheria au makubaliano, haikutolewa kabisa; aliambiwa usiku, akashuka asubuhi. Siku 19 za mshahara alizifanyia kazi. Hizo hazikuwa na mjadala.

Jibu lilikuja baada ya wiki tisa, kupitia wakala. Dola 870 zilirudishwa. Siku 19 zililipwa. Maneno "uzembe mkubwa" yakaondolewa kwenye barua mpya, pakawekwa kwamba mkataba "ulisitishwa kufuatia tukio la ulinzi". Miezi mitano iliyobaki ya mkataba hawakuigusa, na kuhusu saa za kupumzika waliandika kwamba suala linapitiwa. Tumeliacha wazi kwa nchi ya bendera. Faili lina namba.

Dada yangu alitaka tuendelee hadi mahakamani. Nilimweleza kwamba Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko hapa Kisumu, lakini kwanza tungebishana kama ina uwezo juu ya mwajiri wa nje, mkataba uliotiwa saini Mombasa na bendera ya nchi nyingine, na mabishano hayo peke yake yangemeza fedha zilizorudi. Mpwa wangu mwenyewe aliamua. Sehemu ya zile dola ameitumia kulipia kozi ya majukumu maalumu ya ulinzi Mombasa, na ameondoka na basi la usiku akiwa na ile bahasha yake ya plastiki.

Kabla hajaondoka aliniuliza kama katika barua zote tulizopokea kuna mahali walipomtaja yule wa stooni. Mkataba wa FAL unataka mzamiaji atendewe kwa utu, apewe chakula, malazi na matibabu anayohitaji, na aripotiwe kwa mamlaka za bandari inayofuata. Nilizipitia tena, mezani pale pale Nyalenda, ukurasa kwa ukurasa. Anatajwa mara sita, kila mara kama "tukio". Aliposhushwa, na nani alimpokea, hapajaandikwa.